Msomaji Akikukosoa: Mwongozo kwa Mwandishi wa Riwaya

Riwaya yako imetoka na maoni yameanza kukufikia. Mmoja anasema aliisoma usiku kucha. Mwingine anauliza kwa nini umemuua Zainabu. Mwalimu wa kidato cha tatu anataka umtajie funzo la sura ya tisa, nahodha mstaafu anakwambia jahazi lako limekwenda kinyume cha upepo, na kuna jamaa mtaani ana hakika kwamba yule mlevi wa sura ya nne ni yeye. Waandishi wakiombana ushauri kuhusu hali hii, huambiana mambo mawili: ama umsikilize msomaji kwa kuwa ndiye anayenunua, ama uzibe masikio kwa kuwa kazi ni yako. Ushauri wote huo una uvivu ndani yake, maana unakuondolea kazi ya kupima barua mojamoja. Ninachokupendekezea ni swali la kujiuliza kabla hujajibu lolote: mtu huyu anajua nini ambacho mimi sikukijua nilipokuwa naandika? Uzito wa maoni uufuatishe na jibu la swali hilo. Wingi wa waliosema, ukali wao, vyeo vyao na hata mapenzi yao kwako vije baadaye, au visije kabisa.

Kipimo hiki sikukitoa hewani. Ukitaka kukiona kikifanya kazi, mwangalie Charles Dickens, ambaye riwaya zake zilitoka kwa mafungu ya kila wiki au kila mwezi, hivyo barua za wasomaji zikamkuta hadithi ingali mezani. The Old Curiosity Shop ilipokuwa inaelekea ukingoni, mwanzoni mwa 1841, wasomaji walimwandikia kumsihi amwache hai Nell, msichana ambaye hadithi nzima inamzunguka. Akamuua. Miaka karibu tisa baadaye, Desemba 1849, ilimfikia barua ya mtu mmoja tu. Jane Seymour Hill, mwanamke mfupi mno wa kimaumbile aliyekuwa akiishi jirani yake London na kufanya kazi ya kutibu miguu, alikuwa amesoma fungu jipya la David Copperfield na kujikuta humo. Umbo lake lilikuwa limevishwa mhusika aitwaye Miss Mowcher, mwanamke wa mjini mwenye domo na hila. Dickens alimjibu bila kukawia. Alikiri kwamba baadhi ya sifa za umbo alizichukua kwake, akaahidi kumwelekeza mhusika huyo kwingine, na mafungu kadhaa mbele Miss Mowcher akarudi akiwa mtu wa utu na huruma. Umati ulikataliwa, barua moja ikakubaliwa. Ukipima kwa wingi au kwa kelele, uamuzi huo hauelezeki. Ukipima kwa ujuzi, unaeleweka mara moja. Waliomlilia Nell walikuwa wanamwambia Dickens kwamba wanampenda Nell, na hilo alilijua fika. Alikuwa amelijenga kwa mikono yake, na kifo kile kilihitaji mapenzi hayo ili kiume. Hill alijua jambo ambalo Dickens hakulijua: jinsi ilivyo kutembea barabarani na mwili ule, ukitazamwa na watu ambao jana wamemsoma Miss Mowcher.

Kisa cha pili cha mwandishi huyohuyo kinafundisha zaidi, kwa sababu hakikwenda sawa tangu mwanzo. Mwaka 1863 Eliza Davis, mwanamke Myahudi ambaye mumewe alikuwa amenunua nyumba ya Dickens miaka 3 kabla, alimwandikia kwamba Fagin, yule mhalifu wa Oliver Twist, amewatendea Wayahudi dhuluma kubwa. Jibu la kwanza la Dickens lilikuwa la kujitetea: Fagin ni Myahudi kwa sababu wahalifu wa aina ile, wakati ule, karibu wote walikuwa Wayahudi, na yeye binafsi hana chuki nao. Soma tena hoja hiyo utaona kwamba haikugusa kilichosemwa. Davis hakumuuliza moyo wake una nini. Alimwambia kitabu kinafanya nini mikononi mwa wasomaji. Dickens aliendelea kulitafakari. Katika Our Mutual Friend, iliyotoka 1864 hadi 1865, akamwingiza Riah, mzee Myahudi mwadilifu, na katika toleo la 1867 la Oliver Twist akafuta sehemu nyingi ambamo Fagin alikuwa akiitwa “Myahudi” badala ya jina lake. Hapo pana mafunzo mawili ya kazi. Kwanza, jibu la siku ya kwanza huandikwa na kidonda, kwa hiyo liandike ukipenda, ila usilitume. Pili, tazama namna ya kutengeneza. Riah ni mwema kupita kiasi, amewekwa kulipa deni, na msomaji anauona mshono huo kama anavyouona kwa Miss Mowcher anayebadilika tabia ghafla. Kufuta jina la kabila lililotajwa bila sababu katika kila ukurasa kulifaa kuliko kumleta malaika. Ukiambiwa umemdhalilisha mhusika, usimtakase. Mpe sababu, mpe historia, mpe neno la kusema. Uovu wake unaweza kubaki ukiwa wake mwenyewe badala ya kuwa wa kabila lake, wa umbo lake au wa dini yake.

Sasa rudi kwenye rundo lako la maoni, ukaanze na anayeijua dunia uliyoiandika. Huyu ndiye msomaji wa thamani kubwa kuliko wote, na mara nyingi ndiye tunayemdharau, kwa sababu kosa analolionyesha linaonekana dogo. Jahazi lako limetoka Zanzibar kwenda Maskati mwezi wa Januari kwa upepo mzuri. Nahodha anakukumbusha kwamba Januari ni kaskazi, upepo unaoleta majahazi kwetu kutoka Arabuni na Bara Hindi, na safari ya kurudi husubiri kusi. Au mjane wako wa Kiislamu, asiye na ujauzito, ameolewa miezi miwili baada ya kufiwa na nyumba nzima ikapiga vigelegele, ilhali eda yake ni miezi 4 na siku 10. Au mzee wa Lamu anazungumza kama kondakta wa daladala la Mbagala. Usijibu kwamba hii ni hadithi ya kubuni. Msomaji amekubali ubunifu wako kwa masharti, na sharti mojawapo ni kwamba vitu ambavyo hukuvibuni viwe mahali pake. Akishaona upepo umekosewa, ataanza kutilia shaka hata kilio cha mama katika sura inayofuata. Thibitisha kwa mtu wa pili anayejua, maana hata wajuzi hukosea, kisha sahihisha. Katika barua yako ya shukrani taja kosa lenyewe na useme utakalolifanya. “Asante kwa maoni yako mazuri” ni jibu la karani.

Wasomaji wa aina hii hawafai kungojwa mpaka kitabu kichapwe. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliitoa tamthilia yao ya Ngaahika Ndeenda mbele ya wanakijiji ingali katika mazoezi. Wakulima na wafanyakazi wakaisahihisha: mzee hazungumzi hivi, wimbo huu hauimbwi hivi, ngoma hii haichezwi hivi. Ngũgĩ amelieleza jambo hilo kwa kirefu katika Decolonising the Mind, na halielezi kama usumbufu. Analieleza kama shule. Utasema tamthilia ni kazi ya kikundi na riwaya ni ya mtu mmoja chumbani. Ni kweli, na ndiyo sababu mwandishi wa riwaya anapaswa kuutafuta ukumbi huo kwa makusudi. Mpelekee mkunga sura ya uzazi. Mpelekee mvuvi sura ya bahari. Si lazima wasome mswada mzima. Wasomee sura hiyo kwa sauti ikibidi, na uandike wanapocheka mahali ambapo hukukusudia kuchekesha.

Aina ya pili ya ujuzi ni ile ambayo kila msomaji anayo, awe profesa au mwanafunzi: anajua kilichompata alipokuwa akisoma. Akisema alichoka sura ya sita, alichoka. Hakuna hoja duniani ya kumthibitishia kwamba hakuchoka. Lakini ujuzi wake unaishia hapo. Anapoendelea kusema sura ya sita ni ndefu, ameingia katika ubashiri. Huenda sura ya sita haina kasoro yoyote, ila katika sura ya nne ulifichua siri ambayo ndiyo ilikuwa inamvuta. Kwa hiyo unapowapa watu mswada, waulize mahali, usiwaulize dawa. Uliweka kitabu chini ukurasa gani? Ulirudi nyuma kusoma tena wapi? Ulipofika mwisho, ulikuwa unamkumbuka nani? Watu 4 au 5 wanatosha, na ni afadhali wasifahamiane, kwa sababu marafiki huambukizana maoni. Hapa ndipo idadi ina maana kidogo. Watatu wasiojuana wakijikwaa ukurasa uleule, kila mmoja ameleta ushahidi wake, na ukurasa huo una jambo. Bado wewe ndiye wa kutafuta ni jambo gani.

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo kubwa na lenye upendo zaidi: wanaotaka. Wanataka Zainabu apone, wanataka mwizi afungwe, wanataka wawili wale waoane. Matakwa ni heshima kwako, maana hakuna anayemwombea uhai mhusika ambaye hajamgusa, lakini hayakuongezei ujuzi wowote wa kitabu chako. Hata mtaalamu akileta matakwa, yanabaki matakwa. Mwaka 1861 Edward Bulwer-Lytton, mwandishi mwenye jina wakati huo, alimshauri Dickens asiimalize Great Expectations kwa Pip na Estella kuachana moja kwa moja. Dickens akaandika mwisho mwingine wenye matumaini. Rafiki yake John Forster alipouchapisha mwisho wa awali katika wasifu wa Dickens, mabishano yakaanza na hayajaisha. Leo matoleo mengi huweka miisho yote miwili. Mimi niko upande wa wanaoona ule wa kwanza ndio unaolingana na kitabu. Mwandishi huyu aliyeukatalia umati kuhusu Nell alimkubalia Bulwer-Lytton peke yake kuhusu Pip, na Bulwer-Lytton hakuwa amemletea habari yoyote mpya.

Mpaka kati ya ujuzi na matakwa, hata hivyo, hauko wazi kila mara, na barua ngumu ni zile zinazobeba vyote viwili. Chinua Achebe ametoa mfano bora katika insha yake ya mwaka 1965 kuhusu mwandishi wa riwaya kama mwalimu. Katika No Longer at Ease, Obi anampenda Clara, lakini Clara ni osu, yaani wa kizazi kilichotengwa kwa mila za Waigbo, na hatimaye Obi anashindwa kumuoa. Mwalimu mmoja mwanamke kutoka Ghana alimlaumu Achebe kwa hilo. Alimwambia kwamba wako wanawake wengi walio katika hali ya namna hiyo, na angewafaa sana kama angeonyesha kuwa inawezekana kumpata hata mwanamume mmoja mwenye ujasiri wa kuikiuka mila. Achebe hakukubaliana naye, na katika insha hiyohiyo anasisitiza kwamba mwandishi anayejiheshimu haandiki kwa kuamrishwa na hadhira. Lakini lawama ile haikumtoka. Anakiri kwamba ilimwacha na wasiwasi. Nadhani alifanya sawasawa katika yote mawili. Ombi la mwalimu yule, kwamba Obi aoe, lilikuwa matakwa, na kulikubali kungekivunja kitabu, maana udhaifu wa Obi ndio kitabu chenyewe. Ila ndani ya ombi hilo mlikuwa na habari: kwamba wasomaji wanawake walikuwa wanaisoma hadithi ya Obi wakiwa wamesimama mahali pa Clara. Habari ya namna hiyo haidai ubadilishe kurasa zilizokwishachapwa. Inadai uijue unapoanza kitabu kingine. Barua yenye vyote viwili ikikufikia, ikate vipande viwili: matakwa uyajibu kwa adabu na kuyakataa, habari uiandike daftarini.

Atatokea wa kusema kwamba kipimo hiki ni anasa ya waandishi wakubwa, na kwamba anayeishi kwa kuuza vitabu hana budi kumpa mnunuzi anachotaka. Arthur Conan Doyle atatajwa hapo, na kwa haki. Alimuua Sherlock Holmes Desemba 1893 kwa sababu alikuwa amemchoka, wasomaji wakaghadhibika, na kufikia 1903 Holmes alikuwa amefufuliwa rasmi. Sioni aibu katika hilo. Mwandishi wa mfululizo amefunga mkataba na wasomaji: kila kitabu kitamleta mtu yuleyule. Aliyemfuata Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa kutoka kitabu hadi kitabu ana haki ya kudai shujaa wake. Tena katika mfululizo msomaji kweli anajua kitu kukuzidi: anakumbuka. Wewe umesahau kwamba katika kitabu cha pili shujaa alipigwa risasi bega la kushoto, yeye hajasahau. Basi ukiandika mfululizo, yape matakwa nafasi yake, ila ujue kwamba unafanya biashara halali, na usiuhamishie mkataba huo kwenye riwaya inayosimama peke yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ukisema ujuzi ndio kipimo, kila kundi litakuja na kudai kwamba linajua: wazazi wanajua maadili, viongozi wanajua nchi, wazee wanajua mila. Tutamkatalia nani? Iangalie Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Ilizuiwa kwa muda shuleni nchini Tanzania kwa jinsi ilivyosema waziwazi habari za wasichana, wanafunzi na watu wazima wanaowaharibu. Waliokerwa hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa walezi. Lakini uliza lalamiko linasema nini. Je, linasema kitabu kimeeleza jambo lisilo la kweli, au linasema kimeeleza jambo la kweli lisilopendeza kusikika? Hill na Davis walileta la kwanza: hatuko hivyo. Waliotaka Rosa ifungiwe walikuwa wanaleta la pili, na marufuku hayakudumu. Riwaya hiyo baadaye ilisomwa katika shule za Tanzania na Kenya. Mlalamishi akikwambia “watu watajifunza mabaya” bila kukuonyesha palipo uongo, mheshimu, msikilize, na uache maneno yako kama yalivyo. Akikuonyesha uongo, hata kama ana hasira, hata kama amekutukana katika sentensi ya kwanza, soma mpaka ya mwisho.

Kuhusu namna ya kujibu sina mengi. Jibu liwe fupi. Aliyekutukana tu, usimjibu. Anayejiona katika mhusika wako, mwambie kwa upole kama ni yeye au siye, na kama ulichukua kitu chake kweli, kiri kama Dickens alivyokiri. Usieleze maana ya kitabu. Jambo hili linawashinda waandishi wengi wa Kiswahili kwa sababu shule zetu zimezoesha wasomaji kudai funzo, na mwandishi akiulizwa na mwanafunzi anaona ni ukatili kunyamaza. Samuel Richardson alijaribu njia ya kueleza. Riwaya yake Clarissa ilipokuwa inatoka kwa sehemu, 1747 hadi 1748, Lady Bradshaigh alimwandikia kwa jina la bandia akimsihi amwokoe Clarissa, akakataa, na wakaishia kuwa marafiki wa barua kwa miaka. Hapo alifanya vyema. Lakini alipogundua kwamba wasomaji wanampenda mno Lovelace, yule mharibifu, aliongeza tanbihi na vifungu katika matoleo ya 1749 na 1751 ili wasikose kuuona ubaya wake. Wasomaji wameendelea kuvutwa na Lovelace hadi leo, na tanbihi zinasomeka kama mtu anayekuvuta shati ukitazama mchezo. Mwanafunzi akikuuliza Zainabu alikufa kwa nini, mrudishie swali: wewe uliona nini kabla hajafa, na ni ukurasa gani uliokuonyesha? Hilo litamsaidia hata katika mtihani.

Mwisho ni kazi ya mezani. Weka orodha moja ya masahihisho yaliyothibitishwa, yenye ukurasa, mstari, kilichopo na kinachopaswa kuwepo, na mpelekee mhariri wako nakala kila inapoongezeka. Makosa ya ukweli na ya chapa yanaweza kuingia kitabu kinapochapwa tena. Mabadiliko ya sura au ya mhusika yanahitaji toleo jipya na mazungumzo na mchapishaji, kwa kuwa yanagusa gharama. Kitabu chako kikiwa kimeteuliwa kusomwa shuleni, usibadilishe lolote kubwa katikati ya kipindi hicho, maana darasa moja litakuwa na vitabu viwili tofauti na mtihani mmoja. Muulize mchapishaji lini anakusudia kuchapa tena, na uhakikishe orodha imemfikia kabla ya siku hiyo.